Muulize Fundi: 5G inapaa barabarani, ndani inalala

SWALI: Kaka yangu yuko Minneapolis, Marekani. Anasema akisimama kona fulani katikati ya mji, simu yake inashusha filamu nzima kabla taa za barabarani hazijabadilika. Akiingia mgahawani, hatua kumi tu, kasi yote imekwisha. Simu ni mpya. Tatizo nini, na mtandao huo ukija kwetu utatufaa? – Mama Salma, Tanga

JIBU: Mama Salma, simu ya kaka ni nzima. Mtandao huo, 5G ya masafa ya juu sana, uliwashwa Minneapolis na Chicago Aprili 2019, kwa gigahezi 28, yaani wimbi linalotetema mara bilioni 28 kwa sekunde. Huko juu kuna nafasi: chaneli moja, yaani njia ya kupitishia data, ya 4G haizidi upana wa megahezi 20, ya huko yaweza kufika 400. Kasi inatoka hapo.

Shida ni wimbi lenyewe. La megahezi 900, tulilozoea tangu simu za vitufe, lina urefu wa kuzidi kidogo rula ya mwanafunzi. Hili ni milimita 11 hivi, kama kifungo cha shati. Halipindi kona, tofali linalizima, hata kiganja kikifunika antena linakwama.

Nimepanda minara miaka kumi na minne. Yale madishi ya duara uyaonayo juu huunganisha mnara na mnara, mengi kwa gigahezi 23 au 38, jirani na hiyo 28. Masika moja nilikaa kwenye kibanda cha mitambo, kompyuta magotini, mvua inapiga bati, nikitazama nguvu ya mawimbi ikishuka: hasi 42, hasi 55, hasi 70, kisha kimya. Mvua ilipokatika, namba zikapanda zenyewe. Sikugusa hata waya.

Kwa mita mia mbili za mtaani, kutoka kituo hadi simu, mvua haitishi hivyo; ukuta ndio adui. Ndiyo maana vituo vyake hufungwa kwenye nguzo za taa, karibu karibu.

Ukija kwetu, nautaka uwekwe kwenye uwanja wa mpira, stendi kuu na Kariakoo, penye watu wengi mahali padogo. Vijijini Handeni na Kilindi nitaupinga kwa nguvu zote. Huko wapelekewe mawimbi marefu ya megahezi 700 au 800, mnara mmoja uhudumie kilomita nyingi, mama apige simu zahanati akiwa shambani.

Kaka akae meza ya nje, nguzo yenye kituo ikionekana, na simu asiikumbatie kwa viganja vyote viwili.