Mwanangu, kozi ipi utaiweza

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma jana kwenye daladala, nikaona nisikujibu harakaharaka. Umeuliza dirisha la udahili likifunguliwa ujaze kompyuta sayansi au infomesheni sistimu, ile ya mifumo ya taarifa watu wanayoitumia kazini, na kama anayependa kompyuta ataiweza yoyote.

Kupenda tu hakutoshi. Kazini kila mwaka tunapokea wanafunzi wa field na nawaona kwa karibu. Mmoja wa kompyuta sayansi alipewa programu ya kupanga zamu za walinzi, ilikuwa inagoma mwisho wa mwezi tu, basi kijana akachukua karatasi akawa anafuatilia namba moja moja, chai imepoa pembeni, hakuinuka mpaka akajua kwa nini tarehe 31 inajirudia. Kozi ile inamtaka mtu wa hivyo, kule ni hisabati ya mantiki, kuthibitisha, algorithimu yaani hatua za kutatua tatizo moja baada ya nyingine, ukiwa na papara mwaka wa pili utakushinda.

Mwenzake wa infomesheni sistimu alienda kukaa na wahasibu siku mbili anauliza tu, akagundua risiti zinaingia mara mbili kwa sababu skrini ikiganda mtu hajui kama imeshasevu, anabonyeza tena. Programu hakuandika nyingi, lakini wahasibu wanamuulizia mpaka leo.

Uhandisi wa kompyuta ni wa mwenye fizikia na saketi, huo hata hukuutaja tuuache. Softwea injiniaringi inataka mtu wa timu, anayeweza kusoma programu ya mwenzie bila kukasirika na kuijaribu mara ishirini. IT ni mitandao na seva, simu zinalia watu wanafoka na wewe utulie.

Sasa wewe. Pale dukani kwa mama mdogo hakuna aliyekutuma, ukakaa na wale wadada ukauliza wateja wanakopa vipi, ukawatengenezea daftari la madeni kwenye Excel na wanalitumia. Hesabu unaziweza mwanangu, ila sijawahi kukuona unakesha nazo. Mimi naona infomesheni sistimu, na usiichukue kama kozi ya waliokosa kompyuta sayansi, jamani, mifumo mingi inakufa kwa sababu hakuna aliyewauliza wanaoitumia.

Ila usijaze kwa maneno yangu tu. Tafuta masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale kampasi ya Kijitonyama na ya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, maana mwaka wa kwanza kozi hizi zinafanana sana. Weka alama kwenye yale ambayo ungeyasoma hata bila mtihani, halafu nipigie Jumamosi nikishatoka sokoni.

Mama