Kiunzi kinachootesha mfupa: maswali yenu

Mfupa ukivunjika huunga wenyewe. Kiunzi cha nini tena?

Ufa huunga, naam. Pengo la sentimita kadhaa, lililoachwa na ajali au uvimbe uliokatwa, mara nyingi haliungi. Kawaida daktari huchota mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe akaupandikiza. Njia hiyo ni nzuri, ila inaacha kidonda cha pili chenye maumivu yake, na mfupa wa kuchota una kikomo. Kiunzi hujaza pengo hilo: ni kipande chenye vitundu, cha kolajeni (nyuzi zinazoshikanisha sehemu za mwili) au madini ya kalsiamu, ambamo seli hujishikiza na mishipa ya damu hupenya. Ndani yake huwekwa pia protini za kuchochea mfupa, tunazotaka zitoke polepole. Vitundu vikiwa vidogo mno, mishipa haipiti, na mfupa usiopata damu hufa.

Hizo protini zinazowekwa ndani hufanya kazi gani?

Huita seli changa na kuzielekeza ziwe wajenzi wa mfupa. Mwaka 1965 Marshall Urist, daktari wa mifupa wa Marekani, alieleza jinsi alivyopandikiza mfupa ulioondolewa madini ndani ya misuli ya wanyama, na mfupa mpya ukaota humo humo kwenye nyama! Protini zenye uwezo huo ndizo zinazoitwa BMP.

Kwa nini mnasisitiza zitoke polepole? Si bora zimwagwe zote?

Hapa ndipo penye uzito. Marekani iliidhinisha BMP-2, mojawapo ya protini hizo, mwaka 2002 kwa upasuaji wa uti wa mgongo, ikilowekwa kwenye sifongo ya kolajeni. Sifongo haishiki protini vizuri; sehemu kubwa huvuja siku za mwanzo, ilhali mfupa unahitaji wiki nyingi kujijenga. Ili ibaki ya kutosha, hutiwa miligramu 1.5 kwa kila mililita, maelfu ya mara zaidi ya kiasi cha asili mwilini. Inayovuja huweza kuvimbisha nyama za jirani, au kuotesha mfupa pasipotakiwa. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilionya kuhusu matumizi yake shingoni, kwa kuwa wagonjwa walivimba hadi njia ya hewa ikabanwa. Onyo hilo halinitoki akilini.

Ndiyo maana watafiti wanaifungia protini ndani ya chembe za plastiki inayoyeyuka, au kuinasisha kwa heparini, molekuli inayoshika protini, ili kiasi kidogo kitoke kwa muda mrefu. Wengine hutanguliza VEGF, protini nyingine inayoleta mishipa ya damu, kisha BMP-2 ifuate. Kwangu huu ndio mwelekeo sahihi: kipimo kidogo, kwa wakati wake.

Kiunzi hutolewa baadaye?

Kwa kawaida hapana, huyeyuka chenyewe. Kolajeni huisha upesi, lakini baadhi ya madini hukaa miaka.

Niliwahi kutibiwa saratani. Inanifaa?

Mwambie daktari wa upasuaji kabla ya jambo lolote. BMP-2 haiwekwi mahali penye uvimbe wa saratani au palipoondolewa uvimbe huo, wala haipewi mjamzito.