Dubai hadi Guangzhou ni saa ngapi hewani? Tiketi inakuchanganya bure

Mkuu, umeuliza kwa nini tiketi yako inasema unatoka Dubai 10:30 asubuhi na kufika Guangzhou 21:50, halafu kurudi unaondoka 00:15 na kufika 04:50. Kwenda saa 11 na ushee, kurudi saa 4 na nusu, njia ile ile. Wakala wako hajakosea.

Saa za kwenye tiketi ni za mji husika. China iko mbele ya Dubai kwa saa 4 (na mbele ya Bongo kwa saa 5). Kwenda toa 4, zinabaki saa 7 na dakika 20. Kurudi ongeza 4, unapata 8 na dakika 35. Huo ndio muda wa kukaa kwenye kiti.

Sasa hiyo saa na robo ya ziada inatoka wapi, wakati umbali ni ule ule, takriban kilomita 5,800 kwa mstari mnyoofu? Upepo. Huko juu, kama kilomita 10 kutoka ardhini, kuna mkondo unaovuma toka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa baridi ya huko unasogea kusini mpaka kaskazini mwa India na kusini mwa China, yaani njia yako kabisa, na unaweza kuzidi kilomita 150 kwa saa. Kwenda unaisukuma ndege, kurudi unapambana nao. Ukisafiri Januari, tazama kasi kwenye skrini ya kiti: kwenda ndege inapepea kupita kilomita 1,000 kwa saa, kurudi inajikokota kwenye 700 na kitu. Mwezi wa nane tofauti inapungua sana. Mimi huwa naangalia hiyo ramani kuliko filamu, wenzangu wananicheka.

Wala usitegemee ndege ifuate rula. Kwa kawaida inakata India, halafu Myanmar, ndipo inaingia China kwa upande wa Yunnan. Tibet inakwepwa: hewa ya ndani ikivuja, rubani anatakiwa ashuke upesi hadi mita 3,000 hivi, na ardhi ya kule yenyewe iko juu ya mita 4,000.

Ila kinachoumiza wafanyabiashara wa Kariakoo siyo hizo saa 7, ni kusubiri Dubai. Ukikata tiketi mbili tofauti ili kuokoa pesa, mara nyingi mzigo hauendi moja kwa moja. Unautoa mwenyewe na kuuingiza upya, na hapo utahitaji viza ya kuingia nchi yao, Falme za Kiarabu (UAE). Na kama unalenga maonyesho ya Canton (yale makubwa ya biashara ya Guangzhou) ya Aprili au Oktoba, kata mapema, nauli na hoteli za Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wanakofikia Waafrika wengi, hupanda.

Kufika 21:50 nako, ukimaliza uhamiaji na mizigo, unaweza kukosa metro. Weka hela ya teksi. Tiketi zako ni moja au mbili?