Nimeacha sukari, mbona kipimo cha asubuhi bado kinapanda?

SWALI: Nina mimba ya wiki 29 na nimegundulika kuwa na kisukari cha ujauzito. Kabla ya kula sukari ya damu napata 4.8 mmol/L, lakini saa moja baada ya kifungua kinywa kinafika 9.4. Mchana na jioni hakivuki 7.5. Asubuhi nakunywa uji wa lishe bila sukari na chapati mbili. Wifi yangu anasema niache ugali kabisa. Nifanyeje?
Mama Kijacho, Morogoro

JIBU: Ugali hauna kosa hapa, mama. Homoni za kondo la nyuma huifanya insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ishindwe kufanya kazi sawasawa, na asubuhi hali hiyo huwa kali zaidi. Ndiyo maana wanga unaopita salama mchana unakupandisha asubuhi. Shabaha ni chini ya 5.3 kabla ya kula na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula.

Chapati mbili na kikombe cha uji vinaweza kufika gramu 80 za wanga; asubuhi lenga kama 30. Uji wa lishe husifiwa sana kwa wajawazito, lakini hata bila sukari ni unga laini uliokwisha kuiva, na hugeuka glukosi upesi. Uache kwa sasa. Kula mayai mawili yenye nyanya na hoho, au maharage, pamoja na chapati nusu au kipande kidogo cha kiazi kitamu cha kuchemsha. Saa nne ukisikia njaa, konzi ya karanga au robo ya parachichi inatosha. Juisi, hata ya kukamua nyumbani, hapana. Tunda ulile likiwa zima, baada ya mchana.

Ukiacha wanga kabisa mwili huanza kuchoma mafuta na kutoa ketoni, nazo si njema kwa mimba. Ugali ubaki saizi ya ngumi yako, robo ya sahani. Robo nyingine samaki au kunde, nusu nzima mchicha, matembele au kabichi. Dona ni bora kuliko sembe, ila mlima wa dona nao hupandisha. Anza na mboga na kitoweo, ugali ufuate.

Kisha tembea dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Nyonga zikiuma, kaa kitini unyanyue chupa mbili za maji za nusu lita. Ukiona damu, maji yakivuja, ukipata kizunguzungu au tumbo likibana mfululizo, acha mazoezi uende hospitali.

Kuhusu kupima: saa moja huhesabiwa tangu tonge la kwanza. Nawa kwa sabuni, kausha, uchome ubavuni mwa kidole. Mabaki ya embe tu mkononi hudanganya mashine.

Wiki moja hadi mbili zikipita bila kushuka, au kipimo cha kabla ya kula kikianza kugonga 5.3, rudi kliniki. Kipimo hicho cha alfajiri, kabla ya kula, hutokana na sukari ambayo ini humwaga usiku, na mara nyingi chakula pekee hakikishushi. Dawa au insulini zipo kwa ajili hiyo. Ukishajifungua, kati ya wiki ya 6 na ya 12, kapimwe tena kwa kunywa glukosi gramu 75, hata kama unajisikia mzima.