Uckermark ni jimbo au wilaya?

Msomaji anayetafsiri makala ya utalii anauliza: "Landkreis Uckermark, kaskazini-mashariki mwa Ujerumani, niite jimbo, kaunti au wilaya?"

Iite wilaya. Neno jimbo limetumiwa ovyo kiasi cha kukera. Kila kipande cha ng'ambo chenye mpaka kwenye ramani siku hizi ni jimbo. Tazama sentensi kama hii: "Uckermark ni jimbo kubwa kuliko jimbo la Saarland." Kwa eneo ni kweli: Uckermark inapita kilomita za mraba 3,000, Saarland ni kama 2,570. Lakini ujimbo haupimwi kwa kamba! Saarland ina katiba yake, bunge lake na waziri mkuu wake. Uckermark, yenye watu wapatao 120,000, ni moja tu ya wilaya 14 za jimbo la Brandenburg. Ziite wilaya zote za nchi hiyo majimbo, na Ujerumani yenye majimbo 16 itakuwa na zaidi ya 300.

Kinachopoteza watu ni hilo Land. Katika Bundesland ni jimbo, sawa. Katika Landkreis ni shamba, kinyume cha mjini. Kreis ni duara, yaani eneo la utawala. Ndiyo maana Potsdam na Cottbus, miji inayojitegemea, hazimo katika Landkreis yoyote.

Mtego mwingine umo kwenye historia. Uckermark ni jina la kale: Ucker ni mto, Mark ni nchi ya mpakani, na Brandenburg iliipata kutoka Pomerania mwaka 1250. Wilaya yenyewe ni ya 1993, zilipounganishwa wilaya za Angermünde, Prenzlau na Templin pamoja na mji wa Schwedt. Makao yako Prenzlau. Kabla ya hapo, tangu 1952 hadi 1990, Prenzlau na Templin zilikuwa chini ya Bezirk (kitengo cha utawala cha Ujerumani Mashariki) ya Neubrandenburg. Bezirk hiyo ni mkoa, kwa kuwa ilikaa juu ya Kreis. Bezirk ya Tanga enzi za Mjerumani ni wilaya, kwa kuwa juu yake alikuwepo gavana tu. Tazama nani yuko juu ya nani, ndipo uchague neno.

Kaunti haifai: ya Kenya haina jimbo juu yake. Landrat, kiongozi wa Landkreis, mwite mkuu wa wilaya, nitavumilia, mradi uongeze "wa kuchaguliwa", maana Brandenburg humpata kwa kura, hateuliwi na rais.

Na usiandike "wilaya ya Landkreis Uckermark". Hiyo ni wilaya ya wilaya.