Boksi la fyuzi: liko wapi na lifunguliwe vipi

Shekhe, redio na tundu la kuchajia simu vikifa pamoja, kwanza shuku fyuzi. Gari nyingi hizi za Japani tunazoendesha hapa Unguja zina maboksi mawili. Wewe anza na la ndani: mara nyingi liko upande wa dereva, chini ya dashibodi, usawa wa magoti. Jingine limo ndani ya boneti, jirani na betri.

Zima gari na utoe ufunguo. Ukigusa la boneti, ngoja injini ipoe, kisha chomoa waya wa hasi wa betri.

Kifuniko mara nyingi hakina skrubu, kimeshikwa na vibanio vya plastiki. Bonyeza kibanio kwa kidole gumba huku unanyanyua. Bisibisi iweke mbali! Plastiki iliyopigwa jua miaka hukatika kama biskuti, na kibanio kikivunjika maji ya mvua yanaingia. Geuza kifuniko utazame ramani yake; ikiwa ya Kijapani, ipige picha uitafsiri kwa simu.

Fyuzi iliyoungua, uzi wake wa ndani umekatika. Weka yenye namba ileile ya ampea (kiasi cha umeme inachostahimili): nyekundu 10, buluu 15, njano 20. Ukitia 30 pahala pa 15, fyuzi itapona, waya utaungua. Kutia waya wa shaba au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi ndiyo usithubutu kabisa.

Ukiona ukijani kwenye meno ya boksi, hiyo kutu ya shaba, mara nyingi huletwa na unyevu na chumvi ya bahari. Na mpya ikikatika tena papo hapo, mpelekee fundi umeme.