Ruzuku ya sembe na jiwe letu la foleni

Mmetuuliza wiki hii kama serikali ya Tanzania iliokoa fedha ilipoacha kutugawia chakula cha bei nafuu. Nilikuwa na miaka 11 bajeti ya mwaka 1984 ilipofuta ruzuku ya sembe, na swali linaloniwasha ni jingine: mzigo ule alitwishwa nani?

Kwa upande wa Hazina sina ubishi. NMC, shirika la umma la kununua na kusaga nafaka, ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, hata ya Rukwa na Ruvuma ambako kuyasafirisha hadi Dar es Salaam kuligharimu sana, kisha ikauza sembe kwa hasara na kulimbikiza deni benki. Hata hivyo, miaka yote nimeshikilia kwamba hakuna kilichookolewa, kwa kuwa baada ya bajeti ile mshahara wa baba, aliyekuwa tarishi, haukuvuka tena tarehe 20.

Jumamosi moja ya mwaka 1983 mama aliniamsha alfajiri nikaweke jiwe letu la kushikia nafasi kwenye foleni ya duka la kaya, yaani duka la mgawo, pale Magomeni, Dar es Salaam. Tulilichora msalaba wa mkaa ili jirani asije akadai ni lake. Lori lilifika saa saba mchana, na mwenye duka akaanza kuita majina kwa kufuata daftari la mjumbe wa nyumba kumi. Kaya yetu ilikuwa imeandikwa watu wanne ilhali tulikuwa saba, maana shangazi na wanawe walitoka Kilosa daftari likiwa limekwisha kufungwa. Mama alisihi kwa adabu, akapimiwa unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, wa watu wanne, akaufunga kwenye kanga, na nyumbani akauchekecha mara mbili kwa sababu ya wadudu. Jioni alinituma kwa mlanguzi nikanunue kilo mbili zaidi, kwa bei aliyonikataza kumtajia baba.

Kumbe basi watu watatu kati ya saba tulikuwa tukiwalisha kwa bei ya magendo hata kabla ya ruzuku kufutwa. Mwaka huohuo wa 1984 mtu aliruhusiwa kusafirisha nafaka hadi kilo 500, badala ya kilo 30 za awali, na shangazi akaanza kuletewa gunia kutoka kwao bila kujificha. Kwa hiyo nakubali, shingo upande, kwamba serikali iliokoa fedha na mama akaokoa Jumamosi zake. Ila sithubutu kumsemea jirani yetu mjane, ambaye kaya yake iliandikwa sawasawa na ambaye hakuwahi kuwa na fedha ya mlanguzi.